Pazia ya Maua Mbele ya Kompyuta

Juzi msichana mmoja alikuja kwa mlango wangu hapa Shauri Moyo na simu kubwa kama sinia ya ugali. Mrembo, adabu mingi, viatu safi mpaka nikajiuliza alipitia juu ya paa ama wapi. Akaniambia, "Shosho, kwa kipimo cha moja mpaka tano, unaridhika aje na huduma za serikali kwa mtandao?"

Nikamwambia nne.

Akabonyeza, akasema asante, akaenda. Ilikuwa haraka kuliko kupiga chafya.

Sasa wanangu, nyinyi mnaofanya hiyo kazi, wacha niwaambie kwa nini nilisema nne. Nilikuwa na chapati kwa moto. Moja ni ya mtu ako na hasira, na ukisema moja utaulizwa hasira ni ya nini. Tano ni ya muongo. Nne inatoa mgeni kwa mlango na heshima yake. Hiyo mtandao yenyewe sijawahi kuigusa hata na kidole ya mwisho, mjukuu ndiye hunifanyia. Lakini saa hii kuna ofisi mahali nimeandikwa: mama mzee, Shauri Moyo, nne.

Sikumkasirikia. Hiyo kazi niliifanya miaka mingi kabla mamake hajatoboa masikio, na nilidanganywa na watu wengi kuliko askari wa trafiki. Hata mimi nilidanganya. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia, na mjukuu wangu anaandika huku mimi nachambua kunde. Kunde ni muhimu, mtaona.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili, na hiyo la pili nilienda siku zile ng'ombe za baba hazikuwa na shida. Miaka ya tisini nilikuwa nauza mandazi karibu na soko ya Gikomba. Mandazi zangu zilikuwa zinafura mpaka watu wanazishikilia zisipae. Nilikuwa najulikana na kila mtu, kutoka mafundi wa mbao mpaka wale wa mkokoteni. Siku moja akaja msichana mfupi, miwani nene kama chini ya chupa, amebeba begi kubwa kuliko yeye. Akanunua andazi moja, akasimama hapo saa nzima akitazama vile naongea na watu.

Akaniuliza, "Mama, hawa wote unawajua?"

"Hata mbuzi zao nazijua."

"Nataka mtu wa kuniitia watu waongee. Utaweza?"

Huyo alikuwa Madam Kavata. Alikuwa amesoma mpaka vitabu zikamwambia pumzika. Na alikuwa na kazi yenye sikuwahi kusikia: kwenda kwa watu, kuwaweka kikao, kuwauliza mambo yao, na kunasa maneno na rekoda. Hiyo rekoda ilikuwa nzito, ungeipatia kiti yake na chai. Mimi kazi yangu ilikuwa kuita watu, kupanga viti, na kuanika mawe ya rekoda, yaani betri, kwa jua ndio yapate nguvu kidogo tena.

Wakati huo serikali ilikuwa na mpango. Pale ukumbi wa mtaa kulikuwa na dirisha, na kila Jumatano karani alikuwa anatoka town kuja kuandikia watu vyeti vya kuzaliwa. Foleni ilikuwa refu, nasema refu, mama anaweza kuingia kwa hiyo foleni na mtoto mgongoni na afike mbele mtoto ako na ndevu. Sasa walitaka kuleta kompyuta, ishikanishwe na laini ya simu, maneno yaende town yenyewe bila kubebwa na mtu. Miaka hiyo ukisema hivyo watu walikuwa wanakuangalia kama umekunywa. Madam alitumwa aulize: watu wanaonaje hii kitu?

Na kwa hiyo foleni alikuwa jirani yangu, Mama Truphena. Mlango wake na wangu zilikuwa zinaangaliana. Alikuwa anafulia watu nguo, na alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Truphena, mtoto ako na kichwa mpaka walimu walikuwa wanamwogopa. Mwaka huo Truphena alikuwa ameitwa chuo cha manesi. Barua ilisema aripoti mwisho wa mwezi wa nane, na bila cheti cha kuzaliwa asijisumbue kukuja. Mama yake alikuwa na barua ya chifu, alikuwa na kadi ya kliniki, alikuwa na kila kitu. Cheti tu ndiyo hakuwa nayo. Kila Jumatano anatoka asubuhi, kila Jumatano anarudi mikono mitupu.

"Imekuwaje leo?" namuuliza.

"Foleni, Mama Reuben. Foleni."

Na mimi naamini. Nani angekosa kuamini hiyo foleni?

Madam Kavata alinifundisha vitu mbili kabla ya kitu ingine yoyote. Ya kwanza, usiulize mtu kama anapenda kitu. Muulize mara ya mwisho ilikuwaje. "Ukimuuliza unapenda, atakupatia jibu ya mgeni," alisema. "Ukimuuliza ilikuwaje, atakuambia kuhusu viatu vilivyomwuma, karani aliyekuwa anakula ndizi, na hapo katikati utapata kile unatafuta."

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa mtu kama mimi: ukiuliza, nyamaza. Hesabu pole pole mpaka kumi. Nilimwambia Madam, mimi tangu nizaliwe sijawahi kufika tatu. Akasema basi shika mdomo na mkono. Kikao cha kwanza nilishika mdomo mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ni jino.

Sasa makosa yangu.

Madam alisema anataka kikao cha watu kumi, mchanganyiko, wasiojuana sana. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, tope imefika magoti, na mimi nilikuwa nimechoka kugonga milango. Nikapita kanisa yetu, nikasikia kwaya inafanya mazoezi. Watu kumi na wawili, wakavu, wameketi kwa benchi tayari, na wako na nidhamu. Nikajiambia, Mama Reuben, Mungu amekuona. Ati mchanganyiko? Si kuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi? Nilijua vizuri Madam hakumaanisha hivyo. Lakini mguu ukichoka hutafuta sababu.

Madam akafika, akatandika rekoda. Sikumwambia ni kwaya. Waimbaji nao niliwaambia waache kukaa kwa mistari.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mzee Obadia, alikuwa amestaafu reli, sauti yake ikiguna vikombe vinatingika kwa kabati. Madam akauliza swali la kwanza, mara ya mwisho mlienda pale dirishani ilikuwaje. Kabla mtu hajafungua mdomo Mzee Obadia akasimama.

"Madam, sisi tunashukuru serikali. Kompyuta ni maendeleo."

Wengine wote, pamoja, bila kupangwa: "Ni maendeleo."

"Watoto wetu watafaidika."

"Watafaidika."

Nakuambia kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili akashukisha mwisho vizuri kabisa. Mama Truphena alikuwa hapo pia, anaimba ya pili. Madam akamgeukia, "Na wewe mama?" Akatazama Mzee Obadia, akatazama magoti yake, akasema, "Ni nzuri. Bwana asifiwe."

Wote: "Amina."

Kikao kikaisha kwa nusu saa. Tukagawa soda na mkate. Madam akarudi amefurahi mpaka miwani inang'aa. Akaniambia hiyo ndiyo tepu safi kushinda zote, hakuna kelele, hakuna watu kukatizana maneno. Nikasema ndiyo, ni watu wametulia. Ulimi yangu ikawa nzito kama ile rekoda.

Jumatano iliyofuata Mama Truphena akarudi tena mikono mitupu. Zilikuwa zimebaki wiki chache. Jumapili jioni, jua bado iko, nikaenda kwake na karai ya minji, nikamwambia nisaidie kutoa maganda, nina wageni. Sikuwa na wageni. Nilitaka tu kumtuliza.

Tukakaa kwa ngazi. Hakuna swali niliuliza. Tulikuwa tu tunatoa minji, taka, taka, taka, macho kwa karai. Minji imefika nusu, akasema, hata hakuniangalia:

"Nimefika kwa dirisha mara nne, Mama Reuben."

Nikashika mdomo. Nikahesabu. Nilifika kumi, nakuambia ukweli, mara ya kwanza maishani.

"Mara nne nimegeuka. Karani anauliza kwa sauti. Mtoto alizaliwa wapi. Mama jina. Halafu anasema, 'Baba ya mtoto ni nani?' Anasema vile mtu anaita gari. Na nyuma yangu nani? Mzee Obadia anachukulia mjukuu cheti. Nyuma yake mke wa mwinjilisti. Wiki ingine ni watu wa kwetu kijijini. Mimi hapa wote wanajua nilikuwa na bwana akafa. Hakuna bwana alikufa. Hakukuwa na bwana."

Taka, taka.

"Na Truphena?" nikamwuliza.

"Truphena nimemwambia. Ni mtoto mkubwa. Akaniambia, mama, hata kama ni kuandika hakuna baba, andika, mimi nataka kwenda. Ni mimi ndio siwezi kuisema hapo."

Halafu akanyanyua kichwa, akaniuliza kitu nitakufa nacho:

"Hiyo kompyuta yenu, Mama Reuben. Inauliza kwa sauti?"

Wanangu, miaka yote niliyofanya hiyo kazi, mamia ya vikao, tepu ambazo ukizinyoosha zinazunguka Nairobi mara saba na kubaki za kufunga mizigo, hakuna swali nilisikia kubwa kama hiyo. Na haikuwa kwa tepu. Kwa tepu mama huyo huyo alisema ni nzuri Bwana asifiwe.

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Madam. Alikuwa amepanga chumba kidogo karibu na hapo, meza imejaa karatasi. Ripoti ilikuwa karibu kwisha. Akanisomea kwa furaha: watu wa Eastlands wamekubali mpango kwa moyo mmoja.

Nikamwambia, "Madam, huo moyo ni mmoja kwa sababu kwaya ni moja."

"Kwaya gani?"

Nikamwambia yote. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvua. Mguu. Alipotoa miwani nikajua kazi imeisha, nirudi kwa mandazi.  Nikaona midomo yake inatingika kidogo, nikajua anahesabu. Alipofika kumi akasema:

"Ndio maana walimaliza pamoja."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalia, na sehemu ingine ilikuwa kulia kweli, kwa sababu ripoti ilikuwa inaenda Ijumaa na hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Mama Reuben, ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Madam."

"Kwa nini unaniambia leo?"

Nikatoa kasha ya tepu kwa mfuko, nikaweka kwa meza. Lazima niwaeleze hii. Mimi sijui kuandika, kwa hiyo kila tepu nilikuwa natia kitu ndani ya kasha yake ndio nijue ni ya nani. Tepu ya mafundi, msumari. Tepu ya wauza mitumba, kifungo. Madam alikuwa amezoea, hata yeye alikuwa anasema lete ile ya msumari. Kwa hii kasha kulikuwa na punje moja ya minji.

Akafungua. "Tepu iko wapi?"

"Hakuna tepu. Huyu aliongea na mimi, hakuongea na rekoda."

Hakuniuliza ni nani. Hapo ndipo nilijua huyu msichana amesoma kweli. Akauliza tu, "Alisema nini?" Nikamwambia: anauliza kama kompyuta inauliza kwa sauti. Madam akavaa miwani. Akafunga hiyo ripoti kama mtu anafunga sufuria ya ugali iliyoungua.

"Aliongea mkiwa wapi?"

"Tukitoa minji."

"Basi hakuna kukalisha watu kwa viti tena," akasema.

Hizo siku tatu tulitembea mpaka nyayo zangu zikawa nyembamba kama chapati za mtu mchoyo. Hatukuweka mtu kwa kiti. Tulienda Gikomba, tukakaa na akina mama wanaofungua mizigo ya mitumba, tukachambua nao mashati huku, sketi huku. Tukaenda kwa mafundi, nikashika msasa nikapiga mguu wa kitanda. Jioni tulikuwa tunangoja watu wa viwanda wakitoka Industrial Area, tunatembea nao kwa miguu mpaka Mukuru kwa Njenga. Kumbe mtu akitembea na wewe, hamwangaliani macho, na mdomo unafunguka wenyewe. Kila mtu tulimuuliza kwanza kama ni sawa tunase. Akisema hapana, tunazima, tunaendelea kusukuma msasa.

Na yale tulisikia! Fundi mmoja alipunguza miaka yake aajiriwe, sasa kwa kipande, kitambulisho chake, yeye ni mdogo kuliko mdogo wake, na kila akifika dirishani anaogopa mdogo wake yuko nyuma. Mama wa mashati alizaliwa mwaka wa nzige, na karani alimwuliza, "Nzige wa mwezi gani?" foleni nzima ikacheka, hakurudi. Bwana mmoja wa kiwanda cha misumari ameenda mara tatu, mara tatu akaambiwa jaza hapa, mara tatu akasema amesahau miwani. Madam akamwuliza, "Sasa mbona usibebe miwani?" Huyo bwana akapita kwanza nguzo mbili za stima. Halafu akasema, "Madam, mimi sijawahi kuwa na miwani."

Nilitaka kumkumbatia huyo mtu. Hiyo miwani hata mimi nilikuwa nasahau kila mahali.

Hakuna hata mmoja aliongea juu ya kompyuta mpaka tumuulize. Wote walikuwa wanaongea juu ya dirisha.

Ijumaa Madam akanipeleka town. Nilivaa rinda ya harusi ya dadangu, nikapaka mafuta mpaka inzi wakawa wanateleza. Chumba ilikuwa na meza ndefu, ungeweza kuipanda viazi na uvune magunia. Mwisho wa meza ameketi Bwana Mkubwa, tumbo yake imefika mkutanoni kabla yake, tai nyekundu. Alikuwa mtu mzuri, sisemi vibaya. Madam akaongea vizuri, na Kizungu na Kiswahili. Bwana Mkubwa akatingisha kichwa.

"Kwa kifupi," akasema, "watu wa huko wanaogopa mashine. Ni kawaida. Tutawaelimisha."

Madam akasema hapana, siyo hivyo. Akaeleza tena. Bwana Mkubwa akasema tena watu wanaogopa mashine. Madam akanitazama. Ile kutazama ya mtu anasema, sasa ni wewe.

Nikasimama. 

"Mzee," nikasema, "hao watu hawajaona hiyo kompyuta hata siku moja. Wataiogopa aje? Wanaogopa dirisha."

"Dirisha?"

"Naomba nikuulize maswali kidogo, kama ni karani. Usikasirike."

Akacheka, akaniruhusu. Nikaenda mpaka mlangoni, nikaufungua, huko nje makatibu wanapiga taipu. Nikaita na ile sauti yangu ya kuuza mandazi, ile inafika Kariokor:

"MZEE! ULIZALIWA MWAKA GANI? BABAKO ALIKUWA NA MABIBI WANGAPI? NA WEWE NI WA NYUMBA GANI?"

Taipu zote zikanyamaza.

Bwana Mkubwa akaangalia wale watu wake kwa meza, na wote wakaanza kusoma karatasi zao, hata mmoja alikuwa ameishika juu chini. Mimi nikashika mdomo. Moja. Mbili. Tatu. Jasho ikatoka kwa kipara yake. Saba. Nane. 

Tulipofika kumi akasema, pole pole, "Funga mlango, mama."

Nikafunga.

"Mnataka nini?"

"Pazia," nikasema.

"Pazia tu?"

"Pazia, na karani wa kuuliza pole pole, bado mtu wa town, asiwe wa mtaa wetu. Na asiseme jaza hapa. Aseme, nikuandikie ama utaandika mwenyewe?"

Ati jambo kubwa la serikali na pesa za mashine, na mama wa mandazi anaomba kitambaa. Lakini aliandika. Niliona kalamu ikitembea.

Pazia nilichagua mwenyewe Gikomba, nzito, ya maua makubwa ya rangi ya chungwa, lazima ilitoka kwa hoteli huko ng'ambo, bado ilikuwa na alama ya chai ya mzungu. Fundi mmoja wa ile tepu ya msumari akapiga fremu. Kompyuta ikaja Jumatano moja, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Watu walijaa kwa ukumbi kuiona. Ilikuwa inakohoa, inalia kama jogoo iko ndani ya debe ikitafuta laini ya simu, halafu inakufa. Ikiamka inafanya watu watatu, inalala tena. Sitawadanganya, hiyo mashine ilikaa miezi kidogo ikarudishwa town, na mpango ukafa na ikabaki makaratasi. Mtandao wenyewe mliona nyinyi miaka mingi baadaye.

Lakini hiyo Jumatano ya kwanza nilikuwa nimekaa kwa benchi ya foleni na karai yangu. Mzee Obadia alikuwa hapo, mke wa mwinjilisti alikuwa hapo, anasuka kikapu. Mama Truphena akafika mbele. Akasimama. Nikaona mgongo wake unageuka kidogo, ule mgeuko, na barua ya chuo ilikuwa imebakisha wiki mbili. Karani mpya, mama mtulivu, akafungua pazia kidogo akasema, "Karibu ndani, dada." Pazia ikafungwa nyuma yake.

Tukaona miguu tu. Viatu viwili vya Bata, vimesimama pamoja kama vya mtoto wa shule.

Mzee Obadia akaniuliza, "Wanaongea nini huko?"

"Mambo ya serikali, Mzee. Shika minji."

Akashika. Akatoa maganda. Masikio yake yalikuwa yamerefuka kama ya sungura lakini hakuna kitu alisikia, na mimi pia sikusikia. Mama Truphena alikaa huko ndani muda wa chai mbili. Halafu viatu vikageuka, pazia ikafunguka, akatoka. Hakuniangalia. Alipita, akachota konzi ya minji kwa karai yangu, akatupa moja kwa mdomo mbichi hivyo, akaenda nyumbani akiimba. Sauti ya kwanza! Mtu wa sauti ya pili miaka yote!

Cheti ikatoka siku tatu kabla ya chuo. Pale kwa baba walikuwa wamepiga mistari. Truphena akaikunja akaitia kwa sanduku kama ni kitu ya kawaida.

Kompyuta ilipoenda, pazia ilibaki. Waliihamisha kwa lile dirisha ya zamani. Ilikaa hapo mpaka maua yakaisha rangi.

Sasa nyinyi mko na mtandao kila mahali, na mnasema mambo imeisha, hakuna foleni. Ni kweli, na nawapongeza. Lakini mwezi jana nilienda kwa saiba, ile duka ya kompyuta hapa chini, kusindikiza jirani. Amekaa mbele ya mashine, hajui kusoma, na nyuma kuna watu saba wanangoja. Yule msichana wa saiba, mtoto mzuri tu, anamsomea kutoka kwa skrini, sauti juu kwa sababu ya redio: "Mama, hapa wanauliza, umeolewa?" Nikamwona jirani amegeuza mgongo. Ule mgeuko naujua. Hiyo ndiyo haiko kwa moja mpaka tano yenu. Kwa hiyo mkija kwangu tena, acheni hiyo sinia mlangoni, mkuje mshike kunde. Mkitoka hapa mtakuwa na ripoti na mboga.

Nimalizie na hii. Mwaka juzi pressure ilinipandia, nikalazwa. Chumba imejaa, vitanda kama sadini, wageni wa watu wengine wameketi mpaka kwa miguu yangu. Nesi mkubwa akaja na faili. Mnene kidogo sasa, miwani, sauti ya mtu anaogopewa. Akaniangalia.

"Senge?" Hivyo ndivyo kwetu tunaita shangazi.

"Truphena! Si umenenepa!"

Hakucheka. Alikuwa kazini. Aliweka faili chini, akashika pazia ya kitanda, akaivuta pole pole, raaa, mpaka ikafunga pande zote. Ndio akainama karibu na sikio yangu akauliza, polepole kabisa:

"Senge, ulizaliwa mwaka gani?"

Nikalia, nawaambia. Akaniuliza ni nini, nikamwambia ni pressure. Hakujua kitu, na sikumwambia, ile punje ya minji si yangu kuitoa. Alingoja tu. Hakunisukuma. Niliona anahesabu.

Nikajipangusa, nikaangalia pande zote kama pazia imefunga kweli, nikamvuta karibu.

"Ile mwaka iko kwa kipande ni ya uongo. Andika hamsini na tano," nikamwambia.

Akaandika.